Chumba Kisichovuja

Jumatatu, 8 Desemba 1997

Baba Shamimu ameondoka alfajiri na lori la korosho. Anakwenda Dar es Salaam kutafuta vipuri, na amesema Ramadhani itamkuta nyumbani. Ameniachia daftari hili niandike kila Ijumaa hali ya mashine zake. Nikamwambia mimi niliishia darasa la saba, si fundi. Akanijibu kwamba kuandika imewaka au haikuwaka hakuhitaji chuo.

Basi naandika. Mashine zenyewe ni kompyuta kuukuu na magemu ya televisheni, ya miaka ile mimi nilikuwa bado nacheza rede. Zimejaa chumba cha uani, ndani ya kabati kubwa la mninga na juu ya meza. Nyingi zilitoka kwenye duka la marehemu mzee Zainulabedin kule Mikindani lilipofungwa, nyingine kwa mapadri waliorudi kwao, nyingine kwa mabaharia. Huko zilikotengenezwa watu wameshazitupa. Mchana mume wangu Fadhili anatengeneza redio za watu sokoni ili tule. Jioni anatengeneza hizi, ambazo hakuna aliyemtuma.

Majina yao halisi yananishinda kutamka, kwa hiyo nimezipa yangu. Mkate ni ile ya kahawia, imeumuka kama mkate wa kumimina. Vidole ni nyeusi ndogo, vitufe vyake ni vya mpira, laini kama vidole vya Shamimu. Mbao ni Atari, uso wake wa ubao, kazi yake kuchezewa tu. Hizo ndizo vipenzi vyake. Zilizobaki ni ukoo.

Masharti aliyoniachia: unyevu wa masika unazila, kwa hiyo kila Ijumaa niziwashe moja moja, muda wa kuchemsha chai. Niziguse kwanza kwa mgongo wa kiganja, mkono usije ukanaswa na umeme. Ikiwaka niweke sikio nyuma yake nisikilize transfoma, ikivuma sawasawa niiache, ikikoroma nizime. Balbu iliyo ndani ya kabati isizimwe, ndiyo inayofukuza ukungu. Na nyuma ya televisheni nisitie mkono hata ikiwa imezimwa, maana umeme hubaki umejificha mle.

Hilo la mwisho alilisema amempakata Shamimu, ambaye ana mwaka na nusu na hakuna tundu asilotia mkono. Tangu saa ile moyo wangu haujakaa mahali pake.

Ijumaa, 12 Desemba

Zote zimewaka. Mvua.

Jumapili, 14 Desemba

Shemeji Athumani amekuja kutoka Mpapura na magunia ya salfa iliyobaki msimu wa kupulizia mikorosho. Ghala lake linavuja, na salfa ikilowa inagandamana, haipuliziki tena. Ameileta kwetu kwa sababu ukoo mzima unajua tuna chumba kisichovuja. Mwaka jana tulipopata bati jipya, Fadhili aliezeka chumba cha mashine kwanza. Chumba tunacholala bado kina bati la marehemu baba yake, ukilala chali unaona nyota.

Shemeji akacheka, "Ungezaliwa kompyuta, shemeji, ungelala pakavu."

Nikacheka na mimi. Nikamwonyesha ayapange kando ya kabati. Gunia moja limechanika pembeni, limemwaga unga wa njano. Nimefagia.

Jumamosi, 20 Desemba

Mvua. Redio inasema hii ni El Niño. Barabara ya Dar imekatika upande wa Rufiji, malori yamelala njiani.

Jumanne, 23 Desemba

Maji yametoboa mpaka chandarua. Nimehamisha mkeka, mimi na mtoto sasa tunalala chumba cha mashine, kati ya kabati na meza. Fadhili aliziba hata madirisha kwa nailoni ili unyevu usipite. Pana joto la balbu. Naona aibu kuandika kwamba nimelala vizuri.

Ijumaa, 26 Desemba

Vidole haikuwaka mara ya kwanza. Nikapangusa miguu yake, zile ncha za shaba za ndani, kwa spiriti kama nilivyofundishwa, ikawaka. Nyingine zote sawa. Shamimu ameanza kukohoa.

Ijumaa, 2 Januari 1998

Mfungo umeanza, na Baba Shamimu hajafika. Baada ya sala ya Ijumaa alipiga simu dukani kwa Hatim, mtoto wa mzee Zainulabedin, ambaye ana duka hapa mjini. Hatim alimtuma mtu kuja kuniita, nikakimbia na mtoto mgongoni na mwavuli uliovunjika.

Simu ilikuwa inakatika katika. Kitu cha kwanza alichouliza ni kama Mkate unavuma. Nikamwambia unavuma. Akauliza Vidole, akauliza balbu. Nikamwambia, "Mtoto anakohoa."

Akasema, "Ni mvua hiyo. Mweke palipo pakavu."

Nikamwambia ndipo alipo. Simu ikakatika. Hatim alijifanya anapanga vitambaa.

Jumapili, 11 Januari

Hospitali. Nesi alimvua nguo Shamimu akatazama jinsi ngozi inavyozama katikati ya mbavu akivuta pumzi. Akasema ni pumu. Akaniuliza kama napikia ndani, nikamwambia napikia barazani. Kama tuna paka. Hatuna. Akaniuliza analala wapi, nikasema kwenye chumba kikavu kuliko vyote, akanisifu. Amenipa dawa ya maji, na ameniambia mbavu zikizama namna hii tena nisingoje asubuhi.

Tangu hapo sifanyi kazi nikaimaliza. Naosha kikombe, narudi kutazama mbavu. Nakuna nazi, narudi kutazama mbavu.

Jumamosi, 17 Januari

Nimemkuta amesimama kwenye kiti, kijiko mkononi, anakisukuma kwenye matundu ya nyuma ya televisheni. Nilimrukia. Nikampiga kofi la mkono ambalo sijawahi kumpiga, akalia mpaka kikohozi kikamkaba, na mimi nikalia naye. Televisheni nimeibana mgongo ukutani na kuifunika kanga, nikaona afadhali isinitazame.

Jumanne, 20 Januari

Bangili yangu ya fedha, aliyonivika mama siku ya harusi, naitundika msumarini chumbani kwa mashine ili Shamimu asiivute. Leo nimeishusha ni nyeusi. Si chafu, nyeusi, kama imetolewa jikoni.

Nilimwonyesha Mama Lukasi, jirani yangu. Jina lake Yustina, Mmakonde wa Newala, mdomo wake haujui kufunga mlango. Aliigeuza geuza akaacha kucheka.

"Mama Shamimu, fedha haiwi nyeusi bure. Kuna mtu anatafutwa kwenye nyumba hii."

Nikamwambia asinitie hofu, nina yangu inanitosha. Akasema hofu anayo yeye, anayelala ukuta wa pili. Kila Ijumaa, akasema, Waislamu wenzangu wanasikiliza hotuba, kwangu kunalia mapaka. Kweli, kompyuta nyingine zinalishwa kaseti kama za redio, na zikichezwa zinapiga kelele za ajabu, ndivyo mashine inavyosoma. Nilimweleza. Akaniuliza inasoma nini.

"Zitoe," akasema. "Hazikuzaliwa hapa, hazina ndugu hapa."

Nimemwona mjinga. Lakini nimehamisha mkeka, nimeuweka mbali na kabati kadiri chumba kinavyoruhusu.

Ijumaa, 23 Januari

Vidole haikuwaka. Mbao haikuwaka. Ukoo, haikuwaka hata moja. Umewaka Mkate tu, nao unakoroma. Nilifungua Vidole nikatazama miguu ya shaba ambayo mwezi uliopita niliipangusa ikang'aa. Nyeusi. Weusi ule ule. Nilisimama na bangili mkono huu na kompyuta mkono huu, nyuma yangu mtoto anapumua kama mlango usiopakwa mafuta. Nikasoma Ayatul Kursiy, nikarudia, nikazima kila kitu isipokuwa balbu.

Nimeanza kuziona tofauti. Nilikuwa naziona kama mzigo, kama wake wenzangu wasiopika. Sasa zinanitisha. Na Fadhili nimeanza kumwona ni mtu aliyetuweka ndani ya sanduku lake akaenda zake.

Ijumaa, 30 Januari

Idi. Hakuna nguo mpya. Sikuwasha kitu. Barazani maji yamefika kwenye jiko, kwa hiyo Mama Lukasi amemchukua Shamimu kwake akae na wanawe mpaka maji yapungue, akaniletea na bakuli la wali, yeye Mkristo ananilisha mimi Idi.

Jumanne, 3 Februari

Kwa Mama Lukasi kunavuja. Watoto wake wanalala chini ya meza, wameweka masufuria kila pembe. Shamimu amelala huko siku zote hizi kwenye unyevu ule, na hakukohoa. Jana nimemrudisha chumba kikavu. Leo asubuhi mbavu zinazama.

Nilikaa na bangili, naisugua kwa majivu, nafikiri. Nikamkumbuka mama. Sisi tulikulia shambani Mpapura, na kila kipupwe, mikorosho ikianza kutoa maua na kuingiwa na ule ukungu mweupe, ubwiri unga, wanaume walikuwa wanapuliza salfa alfajiri kabla ya upepo. Siku hizo wanawake walikuwa wanavua fedha zao zote, bangili na hereni, wanazifunga kwenye kitambaa na kumwachia bibi ambaye haendi shamba. Mimi mtoto nilidhani ni adabu ya msimu tu, kama kutopiga mluzi. Mama alikuwa anasema salfa inakula fedha.

Niliinuka majivu yakamwagika.

Panya ametoboa gunia la pili, na la tatu. Chini ya kabati ni njano kama mtu amemwaga manjano. Rafu za kabati zina vumbi la njano, kamba za mkeka zina vumbi la njano. Na chumba hakina pa kutolea pumzi, tumekiziba wenyewe. Mwezi mzima nimemlaza mwanangu kwenye salfa, ikichemshwa polepole na balbu, nikasifiwa na nesi.

Hakuna anayetafutwa kwenye nyumba hii. Hakuna jini. Ningefurahi, lakini ni mimi niliyeonyesha magunia yapangwe wapi. Nimemrudisha Shamimu kwa Mama Lukasi. Umeme umekatika tangu adhuhuri. Kesho natoa magunia.

Jumapili, 8 Februari

Naandika nikiwa hospitali, kwenye benchi. Shamimu amelala, anapumua. Nataka niandike kabla sijaanza kusahau mpangilio wake.

Jumatano nilianza asubuhi. Niliyakokota magunia mpaka kibarazani nikayafunika turubai. Ni mazito, na nilipovuta la mwisho lililobanwa nyuma ya kabati, kabati lilitikisika. Nilisikia kitu kimegonga ndani. Sikufungua kuangalia. Umeme ulikuwa bado haupo na nilikuwa nimechoka.

Kumbe balbu ilikuwa imeanguka, imelala kwenye rafu, kwenye vumbi.

Alasiri Mama Lukasi akamleta Shamimu, alikuwa analia kunitaka. Akasinzia begani kwangu. Nikamlaza kwenye mkeka pembeni mwa ukuta, nikasema ni kitambo tu, magunia yameshatoka, nimefagia, nikimaliza kupiga deki ukumbini ninamchukua. Pale ndipo palipokuwa pakavu. Hata baada ya kujua yote, mwili wangu ulikuwa bado umezoea hivyo.

Umeme ukarudi. Hapa kwetu ukirudi baada ya kukatika sana unakuja na nguvu, taa zinakuwa nyeupe kwanza ndipo zinatulia. Niliona taa ya ukumbini ikifanya hivyo. Nikapiga deki.

Kilichonifikia kwanza ni harufu ya kiberiti, kama mtu amewasha njiti nyingi kwa pamoja. Nilipofungua mlango wa chumba sikuona moto. Moto wa salfa si mwekundu. Ulikuwa wa buluu, mfupi, unatambaa kwenye rafu na kushuka mguu wa kabati bila sauti, na kama ungekuwa kitu kingine ningesema ni mzuri. Pumzi yangu ya kwanza ilikatika katikati. Ilikuwa kama mkono umeingia kooni.

Shamimu alikuwa upande wa pili.

Swichi kubwa iko mlangoni, nikaivuta, hilo Fadhili alinifundisha vizuri. Nikajifunika mdomo kwa kanga iliyolowa maji ya deki nikapita mbele ya kabati. Mkate ulikuwa mbele, juu ya meza, shavu moja linaanza kulegea. Ningeweza kuubeba kwa mkono mmoja. Niliuona, na niliona kwamba nauona, nikapita. Shamimu alikuwa ameamka. Mdomo wake ulikuwa wazi, hakuna sauti inayotoka.

Nikatoka naye. Mlangoni niligeuka nikaufunga mlango wa chumba, nikabana na tambara la deki chini yake. Nilijua ninafungia nini humo. Kazi yote ya miaka ya mume wangu.

Nje mvua. Mama Lukasi alikuja mbio, akamshika mtoto akamkalisha wima, akampigia kelele mwendesha baiskeli aliyekuwa anapita. Yule kijana hakuuliza, akatupakia. Njia nzima Mama Lukasi alikimbia kando yetu pekupeku ameshika mguu wa Shamimu, anamwambia, "Vuta, mama, vuta, vuta." Mimi nilimshika wima kifuani. Midomo ya mtoto ilikuwa ya rangi ya wino.

Wamemwekea mashine ya hewa. Ina mpira na chupa ya maji yanayotokota. Nimekaa nimeweka sikio mgongoni kwake namna nilivyofundishwa kusikiliza transfoma. Pumzi ilikuwa inakoroma. Jana ikapungua.

Jumamosi, 14 Februari

Tumerudi, tunalala kwa Mama Lukasi chini ya meza. Sijali matone.

Moto ulijizima wenyewe. Ile nailoni ya madirishani ilinyima hewa mtoto wangu na ikaunyima hewa na moto. Kabati limeungua upande mmoja. Mkate shavu limeyeyuka. Vidole na Mbao ni nzima kwa nje. Zote ndani nyeusi.

Ijumaa, 20 Februari

Simu dukani kwa Hatim. Nilimwambia Fadhili yote bila kupumzika, salfa, moto, hospitali, mlango niliofunga. Nikamwambia pia kwamba mashine zinatoka, na chumba kile ni cha Shamimu, na akitaka kubisha abishe akifika.

 Nikasikia kelele za Kariakoo nyuma yake. Halafu akasema, "Nasikia."

Simu ikakatika. Sijui ilikatika au aliikata.

Jumatatu, 23 Februari

Shemeji Athumani amefika kwa miguu na trekta na miguu tena. Aliposikia alikaa chini kwenye matope. Hakuleta utani. Ameiondoa salfa yake yote kwa mkokoteni.

Jumapili, 1 Machi

Nimeosha kuta. Nimechana nailoni. Nimezipanga mashine sakafuni nikaanza kuchagua, na ilikuwa kazi ngumu kuliko kuosha. Nilitaka kuzichukia zote zikiwa pamoja. Moja moja haiwezekani. Kila moja ina alama ya mkono wake, kitufe alichochonga kwa mfupa, waya aliounga na kuufunga kwa uzi wa kushonea niliokuwa nautafuta.

Zilizokufa kabisa nimezing'oa matumbo, nimeweka vipuri vyake kwenye boksi. Zenye matumaini nimezipakia kwenye pikapu ya Hatim tukaenda Mikindani, nyumbani kwa mama yake, Bi Hajrabai, mjane wa mzee Zainulabedin. Ghala lao ni la mawe, kuta nene, halijawahi kunusa salfa.

Bi Hajrabai alitazama mzigo unavyoshushwa.

"Mume wangu alizileta hizi, nikakaa nazo miaka nyumba nzima. Alipokufa nikampa Fadhili ili na mimi nipate pa kukaa. Leo unanirudishia?"

Nikamwambia ndiyo, Bi Hajra, na sina pa kuziweka pengine.

Akamtazama Shamimu, akamshika kidevu. Akatoa funguo. Akasema sharti ni moja, Fadhili akitaka kuzichezea aje hapa hapa, na asije peke yake, aje na mkewe na mtoto, wakae, wale chakula kwanza.

Nyumbani nimebakiza Mkate tu, na shavu lake. Ule Fadhili aliuokota ukiwa maiti kabisa, akaufufua. Uko kwenye rafu ya ukumbini, juu, bila waya.

Jumatano, 18 Machi

Mvua. Hakuna habari. Nimeanza kuogopa kitu kingine sasa. Naogopa uso wake.

Ijumaa, 27 Machi

Wanasema malori yameanza kupita. Bangili nimeisugua imerudi nyeupe, isipokuwa ndani ya nakshi.

Jumapili, 5 Aprili

Amefika leo saa nne asubuhi. Amekonda, viatu vimeoza, begani boksi la vipuri alilolibeba toka Dar. Alinisalimia, nikaitikia, na hakukaa. Alikwenda moja kwa moja chumba cha uani. Nilimfuata nikiwa nimeshajipanga, maneno yote yako mdomoni.

Alisimama kizingitini. Kuta nyeupe, dirisha wazi, upepo unapita, mkeka katikati na Shamimu amekaa juu yake anapanga vifuniko vya soda. Alitazama mahali lilipokuwa kabati, doa la moto ukutani ambalo limenishinda kutoka.  Akaweka boksi chini, nje ya mlango. Akavua viatu.

Shamimu hakumtambua, alitaka kulia. Fadhili akapiga magoti nyuma yake taratibu, kama anavyofanya kwa mashine asiyoijua, akamgusa kwa mgongo wa kiganja kwanza. Kisha akalaza sikio mgongoni kwake, akafumba macho. Akahamia upande wa pili. Akarudi upande wa kwanza. Nilikuwa nimesimama mlangoni, na mimi sipumui.

"Anavuma sawasawa," akasema.

Hakuinua sikio.